Kigelegele Mlangoni kwa Masista

Wifi yangu Bertilla hajui kunyamaza. Nasema ukweli mtupu, na kaka yangu Nestory aliyemwoa ni shahidi. Hapa kijijini kwetu Mollo, harusi bila kigelegele chake watu wanaona kama haijafungwa.

Basi masista walipomaliza kujenga nyumba ya mafungo, pa kukaa siku kadhaa kusali, kule mlimani, tukachaguliwa mimi na yeye kuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia. Jamani, furaha! Vitenge tulivifua mara mbili. Lakini Bertilla alikuwa na lake. Bintiye Janeth, ambaye sasa ni sista, alipelekwa kazini mbali, na miaka mitano mama yake hajamtia machoni. Sasa Janeth alikuwa anakuja kuhudumia mafungo hayo tu, kisha arudi huko huko.

"Wifi, hata tusiposemezana," aliniambia njiani, "nimwone tu akipita na sahani."

"Utaweza wewe kufunga huo mdomo?"

"Nitaushona!"

Na masharti yalikuwa makali kweli. Padre alipokwisha kuubariki mlango, Sista Violeth, mkuu wa nyumba, akatutangazia: ukivuka kizingiti ni kimya. Atakayepiga kelele atampisha mwingine, maana wanaosubiri nje ni wengi.

Mlango ukafunguliwa. Tukaingia, rangi mpya inanukia kila mahali. Na huyo hapo Janeth! Kanawiri, kapendeza na shela yake! Akamwona mama yake. Akapiga magoti kwenye sakafu ile inayong'aa, akainamisha kichwa, akapiga makofi taratibu, kama sisi Wafipa tunavyowaamkia wazazi wetu. Sista mzima, mbele ya watu wote!

Nikamgeukia wifi. Kajaza kitenge mdomoni, macho yamemtoka. Nikajua hapa hatuponi.

Kitenge kikadondoka, sauti ikamtoka. Kigelegele, mama yangu! Nilidhani vioo vinapasuka.

Wote tukaganda. Sista Violeth alikuwa ametangulia mbele, ametupa mgongo. Akageuka.

"Nani huyo?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka Bertilla. Akafungua mdomo ili akiri, mjinga huyu! Nikamkanyaga mguu.

"Ni mimi, Sista," nikasema.

Akanitazama, akamtazama na Bertilla.

"Haya, mama. Mpishe mwenzio."

"Nampisha, Sista."

Nikachukua mfuko wangu. Nilipompita Janeth, bado yuko magotini, akanigeukia mimi shangazi yake, akapiga makofi tena. Nikatoka mbio kabla sijalia. Nje wakaniuliza, "Vipi, umefukuzwa?" Nikawajibu, "Nimefukuzwa!" huku nacheka peke yangu kama nimeshinda kesi.

Uongo ule nitauungama Jumamosi. Siujutii hata kidogo, na hilo nalo nitaliungama.