Mteremko wa Uwanja wa Kibimba

Iko siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na nakusimulia leo kwa sababu nasikia umeshinda mbio za wilaya na sasa hushikiki. Hongera. Kaa hapa kidogo, pongezi za wengine zitakusubiri.

Mimi nilisoma Kibimba. Kama umefika huku kwetu Ngara unajua kwamba ardhi tambarare ni ya kutafuta. Uwanja wa shule yetu ulilala ubavuni mwa kilima: upande mmoja unapanda, upande wa pili unateremka, na siku za mashindano tuliuchora kwa majivu ya jikoni. Mstari wa kumalizia uliwekwa mwisho wa mteremko, kwa sababu hapo palikuwa karibu na barabara na wageni hawakupenda kutembea. Hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo.

Nilikimbia mita mia nane, pekupeku. Mtindo wangu ulikuwa mmoja tu: nabaki nyuma, najificha, kisha tukishika mteremko wa mwisho naachia miguu. Wenzangu waliogopa kuanguka, wakawa wanajizuia. Mimi nilizoea kushuka bondeni mbio na ndoo tupu, sikujua kujizuia ni nini. Waliniita Pikipiki. Baba akilisikia jina hilo alicheka mpaka anakohoa, na ukitaka ukweli, hata mimi nililipenda kuliko jina langu la ubatizo.

Nilipokuwa darasa la saba tukatangaziwa kwamba atakuja Mwalimu Sebastiani, aliyekuwa akichagua wakimbiaji wa kwenda kusoma sekondari Biharamulo na kufanya mazoezi chini yake. Wasichana wawili tu ndio wangechukuliwa. Kwetu tulikuwa wengi, mwanangu. Bila nafasi ile mimi nilikuwa nabaki nyumbani na jembe. Baba hakuwa na shaka hata chembe. Alivundika ndizi mapema, akakamua, akaiacha rubisi, pombe yetu ya ndizi, ichachuke, akaalika majirani waje kunywa jioni ya mashindano. Mwalimu Sebastiani naye akaalikwa. Sherehe ya ushindi ilikuwa imeshaiva kabla mimi sijakimbia.

Asubuhi tulikimbia mchujo, nikapita kwa raha. Mchana, kabla ya fainali, nikamwona yule mwalimu akitembea taratibu na ndoo ya majivu. Akafuta mstari wa kumalizia kwa kiatu chake, akaenda kuchora mwingine upande wa pili wa uwanja, juu kabisa, mwisho wa mwinuko. Mwalimu mkuu alipomuuliza, alijibu kwamba wageni wana miguu, watasogea.

Sikujali. Nikakimbia kama nilivyozoea. Nikabaki nyuma, nikajificha, nikasubiri. Hata mteremko nilishuka taratibu, maana mimi huachia miguu mita za mwisho, na hizo hazikuwa za mwisho. "Kimbira Pikipiki! Kimbira!" majirani walipiga kelele. Nilipofungulia, mbele yangu palikuwa na mlima na walioniacha walikuwa mbali. Nikawa wa nne. Waliochaguliwa ni wasichana wawili wa shule jirani ya Nyamiaga, niliowashinda kila mwaka.

Rubisi haisubiri mshindi. Majirani walikuja wakanywa kama walivyoalikwa, wakakaa kama watu waliokuja kutoa pole. Na Mwalimu Sebastiani akaja vilevile. Nilimwamkia shikamoo nikitazama chini, akaitika marahaba, akapewa kiti na mrija. Baba alivumilia mpaka akashindwa.

"Mwalimu, mtoto wangu umemuonea. Huyu ana kasi kuliko wote uliowachukua."

"Hana kasi, mzee wangu," akasema bila kupandisha sauti. "Kasi ni ya mteremko wenu."

Mwanangu, niliona aibu iliyonichoma mpaka masikioni. Mbele ya majirani wote! Nikaanza kulia. Yule mtu hakunibembeleza. Akanigeukia akaniuliza maji tunachota wapi. Nikamwambia bondeni.

"Unapanda nayo kichwani?"

"Ndiyo."

"Njiani unapumzika mara ngapi?"

"Sipumziki, Mwalimu."

"Basi hicho ndicho chako," akasema. "Pumzi unayo, ila leo umekimbia ukiusubiri mteremko ukubebe. Huko ninakowapeleka hawa wenzako, viwanja ni tambarare. Utamsubiri nani?"

Hakubadili uamuzi wake. Aliondoka na wale wawili, mimi nikarudia darasa la saba, jambo ambalo enzi zile lilifanyika kimyakimya. Nilimchukia miezi mingi. Lakini kila nilipopanda na ndoo lile swali lilinifuata, nikaanza kujipima: nikashika uongozi mapema kwenye mwinuko, mahali ambapo zamani nilijificha. Mara za kwanza niliishiwa nguvu nikapitwa na kila mtu. Wakaacha kuniita Pikipiki. Baadaye nikaona kwamba wenzangu wanachoka kabla yangu.

Mwalimu aliporudi mwaka uliofuata nilikimbia mita elfu moja na mia tano, na sikuuliza mstari umechorwa wapi. Akanichukua. Nilisoma Biharamulo, tukafanya mazoezi kwenye barabara za vumbi mpaka Nyantakara, nikaingia timu ya mkoa, kisha kambi ya taifa. Miaka ikapita ndipo nikapelekwa nje kukimbia kwa malipo. Wakala aliyenipeleka alisema wazi: ukiingia watatu bora nakupa mkataba, usipoingia unarudi nyumbani.

Ule uwanja ulikuwa bapa kama meza. Wasichana wale walikuwa na kasi ya mwisho ambayo mimi sikupewa na Mungu. Tukienda pamoja mpaka mita mia za mwisho, wangenila wote. Kila mtu akawa anamsubiri mwenzake, tunakwenda polepole. Zilipobaki raundi mbili nikatoka mbele nikaanza kukimbia kweli. Hakuna aliyeniita kwa jina pale. Walinifuata, wakachoka mmoja mmoja, lakini wawili hawakuchoka, wakanipita tukiukaribia utepe. Nikawa wa tatu, nikalala chini nikilia kwa furaha. Mkataba ule ndio uliosomesha wadogo zangu.

Nikampigia simu Mwalimu Sebastiani, akiwa ameshastaafu. Aliniuliza nilianza kuwakimbia wakati gani. Nikasema zikiwa zimebaki raundi mbili.

"Ulichelewa," akasema. "Haya, hongera."

Sasa ninachotaka uondoke nacho ni hiki. Watu wanaokupigia makofi hawana nia mbaya, hata baba hakuwa na nia mbaya, ila hawajui ni kitu gani kinachokubeba. Kitafute mwenyewe. Labda unashinda kwa sababu uwanja ni wa kwenu, au wapinzani wako wana njaa, au viatu unavyo wewe peke yako. Hakuna aibu katika hayo, lakini usiyaite kipaji. Yaondoe moja moja mazoezini, ukiwa nyumbani, na kitakachobaki ndicho chako, hata kama si kile ulichosifiwa. Jenga juu ya hicho. Na akitokea mtu akakuhamishia mstari, lia ukitaka, mimi nililia, lakini muulize sababu kabla hujamchukia.

Nenda, mwanangu. Mungu akulindie magoti na mapafu, akufungulie njia mpaka huko usikokujua, na katika wengi watakaokushangilia, asikunyime mmoja wa kukuambia ukweli.