Zamu za Kumpumulia Baba

Baba yangu, mwalimu mstaafu na sauti ya besi katika kwaya ya Kimetodisti hapa Kamina, alilazwa Jumapili kwa homa ya mapafu akiwa amevaa tai. Kila alipovuta hewa shingo ilikakamaa, mbavu zikaingia ndani, kifua kikakoroma. Hata hivyo kila mgeni aliyeingia wodini alijibiwa salamu: kwa Kiluba kwanza, kisha kwa Kiswahili, na wenye diploma kwa Kifaransa. Kwetu mgonjwa asiyeitikia salamu amekata tamaa, au ana kiburi. Baba hakutaka kushukiwa lolote kati ya hayo.

Siku ya tatu alasiri akanyamaza. Pumzi zikawa ndogo, za juujuu, na ule mkoromo ukakoma. Tulifurahi sana. Shangazi akaanzisha wimbo wa shukrani, wanakwaya waliokuja kumwona wakaupokea.

Daktari akaingia kwenye ubeti wa kwanza.

"Munaimba nini? Hapana usingizi ile. Misuli ya kupumua njo imechoka."

Mashine ya kumpumulia haikuwepo. Kulikuwa na oksijeni, na mfuko wa mpira wenye barakoa, wa kuminya kwa mkono. Daktari alitufundisha: minya, achia, ngoja. Tukapokezana, kwaya nzima. Kiongozi wa kwaya alipewa kazi ya kupiga mapigo, akachangamka kupita kiasi.

"Papa, polepole," daktari alimwambia. "Leo haiko Pasaka."

Niliogopa mno. Sikuwahi kufikiri kwamba kupumua ni kazi, na kwamba mtu anaweza kuichoka kama anavyochoka kulima. Zamu moja tu ilinikaza viganja. Yeye alikuwa akilima tangu Jumapili, na katikati ya jembe na jembe anauliza habari za nyumbani.

Kesho yake asubuhi mfuko ulikuwa mikononi mwa mama.

"Mama, achilia," daktari akasema. "Tuone kama atapumua ye mwenyewe."

Mama alikataa. Alisema hajachoka, kazi anaiweza. Daktari akangoja bila kubishana. Mwishowe mama akaachia.

Tumbo la baba halikufanya kitu. Kisha likainuka kidogo, likashuka, likainuka tena.

Mama, ambaye hatukuwahi kumwona akimgusa baba mbele za watu, aliweka kiganja juu ya tumbo lile, na hakukiondoa hata mchungaji alipoingia.