Jenereta Niliyoivalisha Kitambaa

Watoto wangu niliwakataza kusimulia habari hii na wamenitii, kwa hiyo nikiisema mwenyewe hakuna atakayedai nimesingiziwa: niliwahi kubebwa na mkwe wangu mikononi, miguu ikining'inia, kichwa wazi, mbele ya wazee wa pande zote mbili, na kosa lilikuwa langu. Asiyetoka kwetu Maragoli atauliza, kwani kubebwa ni nini? Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mkono, hawakalii kiti kimoja, wakikutana njia nyembamba mmoja anaingia kwenye nyasi. Sasa wewe fikiria kubebwa.

Miaka hiyo ya sabini tulikuwa tunakaa Jamhuri, mume wangu akiwa nyapara wa mafundi wa majengo na mimi nikishona nguo Kenyatta Market (shule nilifika darasa la tatu, la nne niliona kwa dirisha tu). Umeme tulikuwa nao, lakini mvua ikinyesha tawi la mti linaangukia waya huko Ngong Road, na nyumba zote zinakuwa giza mpaka kesho yake. Jirani yangu Mama Achieng akanunua jenereta, kadogo, kama sanduku la shule, na kila umeme ukikatika kwake kunang'aa, kwangu nahangaika na kandili. Hiyo iliniuma. Sitaki kudanganya, haikuwa giza iliyoniuma, ni Mama Achieng.

Nikasikia kuna Mzungu wa Kilimani anarudi kwao na vitu vyake vinauzwa kwa mnada, jenereta mbili zikiwemo. Nikamchukua Kamau, fundi wa redio pale sokoni, anisaidie kuchagua. Kamau alikuwa mtu wa maswali.

"Mama Rhoda, nyumba yako ina taa ngapi?"

"Sita."

"Na nini ingine?"

"Redio. Pasi naweza kutumia ya makaa."

"Basi chukua hii ndogo. Hiyo kubwa ni ya kusaga mahindi. Na mashine usinunue kabla ya kuivuta kamba mwenyewe ikiwa imepoa, kwa sababu siku utaihitaji itakuwa imepoa. Hebu gusa hiyo kubwa."

Nikagusa. Ilikuwa na moto.

"Umeona? Wameiwasha kabla watu wafike, ili ikivutwa iitike mara moja. Ikipoa hujui tabia yake."

Maneno ya dhahabu hayo, na yote nilisikia. Lakini ile kubwa ilikuwa ya kijani, inang'aa, na ikinguruma unaisikia kifuani, na ndogo ilifanana na ya Mama Achieng. Nikamwambia, "Kamau, wewe tengeneza redio. Kununua niachie mimi." Ilibebwa na wanaume wanne, na mtaa mzima ukatoka kuangalia, nikaona nimefanya la maana.

Kamau akafunga waya na swichi yake ukutani, akaivuta kamba yeye na mwenzake mpaka wakatoka jasho, ikawaka, akaizima. Akaniagiza nijenge kibanda nje niiweke huko, na kila wiki niiwashe nusu saa hata kama umeme upo, isije ikasahau kazi. Nikamuuliza, "Kwani ni ng'ombe, itolewe malishoni?" Nje itaibiwa! Nikaiweka kwenye stoo iliyo kando ya sebule, mlango wazi ili mgeni akikaa tu aione, na juu yake nikatandika kitambaa changu cheupe nilichofuma kwa mkono, chenye maua ya waridi kwenye pembe, kisha chombo cha maua ya plastiki juu ya kitambaa. Miezi minane. Umeme ukikatika nilikuwa nawasha kandili, kwa sababu kuwasha jenereta ni kuondoa kitambaa, tena itachafuka, na mimi nilitaka ikae mpya.

Binti yangu Rhoda naye akapata mchumba, kijana wa kwetu, Wycliffe, fundi wa mitambo kwenye kiwanda kimoja cha kuchapa vitabu huko mjini. Rhoda alikuwa na miaka ishirini na saba na watu walikuwa wameanza kuniuliza maswali kanisani. Wycliffe akasikia habari za jenereta, akamtuma Rhoda: siku mama akiwa sokoni, anaweza kuja kuiangalia, isije ikawa imekauka. Kijana mwenye adabu. Nikamjibu kupitia Rhoda: "Mwambie hatafuti kazi kwangu, anatafuta mke."

Siku ikafika ya wazee wao kuja kusema kama wanaoa au hawaoi. Walitoka Maragoli, na tayari tulikuwa tumesikia kwamba mjomba wake, Mzee Esau, hataki msichana wa Nairobi, anasema wa Nairobi hawana desturi. Mimi nikawa nimetangaza mbele, kupitia mshenga, kwamba nyumba hii giza haiijui. Wakaja saa kumi na mbili jioni, mvua inamwagika, viatu vimejaa matope, wakaketi, Rhoda akaleta maji ya kunawa, na umeme ukazima. Puu.

Mzee Esau akasema polepole, "Kumbe hata hapa giza inapajua."

Baba Rhoda akainuka kutafuta kandili. Nikamwambia kaa. Nikaingia stoo, nikaondoa maua, nikaondoa kitambaa, nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena. Nikapandisha gauni nikalikaza kiunoni na kuegemeza mguu ukutani, nikavuta kama mtu anayetoa ndama tumboni. Kimya, na huko sebuleni watu wanahesabu wanavyosikia.

Ndipo Wycliffe akaja akasimama nje ya mlango wa stoo, amegeuka mgongo, anaangalia ukuta. Senge, dada ya mume wangu, akasimama katikati yetu na mshumaa kupeleka maneno, kwa sababu mimi na yeye hatungeweza kusemezana.

"Senge," akasema Wycliffe, "mwambie mama amwage petroli ya zamani."

Senge akanigeukia, nami niko hatua mbili kutoka kwake. "Anasema umwage petroli ya zamani."

"Mimi si kiziwi! Muulize naimwagia wapi."

"Anauliza anaimwagia wapi."

"Kwenye karai. Lakini wewe Senge rudi nyuma na huo mshumaa, tutaungua wote. Halafu afungue plagi ya injini, aipanguse vizuri, ikauke."

"Anasema—"

"Nimesikia, Senge!"

Tochi ya pale stoo nikaishika kwa meno. Sikuwa na cha kupangusia (kitambaa cheupe siwezi, hata hapo), nikavua kilemba changu nikapangusia plagi. Nikatia petroli mpya niliyonunua wiki hiyo kwa ajili ya wageni. Mvua ilikuwa inaingia dirishani, nikalifunga isilowane. Nikavuta mara tatu, na ya nne ikanguruma mpaka sufuria zikacheza, nikageuza swichi, na taa zote zikawaka! Sebuleni wakasema "Eeeeh!" na hata Mzee Esau nilimsikia. Senge akakimbia kwenda kupiga vigelegele, akauvuta mlango nyuma yake ili kelele isiwasumbue wageni.

Nikabaki ndani na mashine, imefungwa dirisha, umefungwa mlango, inatoa moshi wa bluu. Mlango haukuwa na kufuli. Lakini nilijua Wycliffe bado yuko hapo nje anasikiliza kama mashine imetulia, na mimi kichwa wazi, gauni liko juu ya magoti, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Nikasema, ngoja kwanza aondoke. Naye alikuwa anangoja mimi nitoke, ndipo aondoke. Nikaita "Senge!" lakini nani atasikia? Macho yakaniwasha, kichwa kikawa kizito, nikajiambia kidogo tu, ataenda. Nikakaa chini kando ya karai. Baada ya hapo sijui.

Nilichojua tena ni mvua usoni na kifungo cha shati kwenye shavu langu. Wycliffe aliona moshi chini ya mlango, akauliza kama mama ametoka, hakungoja jibu. Alikuwa amenipitisha sebuleni, katikati ya wazee na sahani za kuku, mpaka uani. Aliponiweka chini akarudi nyuma hatua nyingi, akasimama kwenye mvua mikono yake ameiweka mbali na mwili, kama mtu aliyemwagikiwa na kitu.

Jenereta ikazimwa. Wazee wakasimama barazani na kandili, na Mzee Esau akasema nilichoogopa.

"Kijana ameshika mama mkwe. Kabla hata ya ng'ombe mmoja kutoka. Hii si ndoa tena. Tufunge safari."

Rhoda alikuwa mlangoni na birika la chai, halii, amelishika tu, na nikaona wazi kwamba wakitoka kwenye hilo geti hawarudi, na mtoto wangu atabaki hivyo hivyo na birika. Mwanamke hasemi kwenye kikao kama hicho. Nikasema, nikiwa nimekaa chini kwenye matope, sauti imekauka na moshi.

"Mzee, huyu hana kosa. Aliomba kuiangalia hii mashine, nikamkataa kwa kiburi. Niliambiwa ikae nje, nikaiweka ndani ili muione. Mlango ulikuwa hatua mbili na ningetoka. Sikutoka kwa sababu sikutaka anione bila kilemba. Kama kuna faini, ni yangu."

Mzee Esau akainua kandili aniangalie vizuri, masizi na yote.

"Ulitaka kufa kwa ajili ya desturi?"

"Karibu."

"Mama wa Nairobi?"

"Wa Nairobi."

Baba Rhoda ndiye aliyecheka kwanza (hiyo sijamsamehe), halafu Senge, halafu wote. Mzee Esau akaamua nichinje kuku niwape wazee, Wycliffe aniletee kilemba kipya kufuta kile alichokiona, na kikao kiendelee. Wakanywa chai kwa kandili, wakakubaliana kabla chai haijapoa. Mimi nilikuwa chumbani natapika, nikasikia vigelegele kupitia ukuta.

Ile kubwa tuliiuza kwa mwenye mashine ya kusaga mahindi Kawangware. Baada ya harusi Wycliffe akanitafutia ndogo, akaifikisha getini, akaondoka kabla sijatoka, na Rhoda akanipa ujumbe: "Amesema uivute wewe mwenyewe, ikiwa imepoa, na uivutie nje."

Nikaivuta hapo hapo uani, Mama Achieng akinichungulia juu ya ua, ikawaka mara ya pili. Tangu hapo kila Jumamosi naiwasha nusu saa, hata umeme uwepo, na majirani wakiuliza kelele ya nini nawaambia waulize Kamau. Na niliapa: chombo nisichoweza kukiwasha nikiwa na gauni la jikoni na watu wakiniangalia, hicho nitakisifu tu kwa mwenye nacho, nirudi zangu nyumbani.