Oili ya Pikipiki ya Mama

Mama yangu alijua kuendesha pikipiki kabla mimi sijajua baiskeli. Alikuwa mkunga katika zahanati ya kijijini kwetu, Ngara, na kazi ilimpeleka kwenye vilima ambavyo gari haliwezi kuvipanda mvua ikishanyesha. Alipostaafu akanunua pikipiki yake mwenyewe, kuukuu, tangi jekundu limechubuka pale magoti ya mwenyewe wa kwanza yalipokuwa yakigusa. Wanawake wa rika lake walibebwa na vijana wa bodaboda, wamekaa upande mmoja kama mizigo. Yeye alivaa suruali, akafunga kitenge juu yake, akapiga kiki na kuondoka. Alikwenda nayo kanisani, shambani, kwenye misiba, na kwa wanawake waliokuwa wakimwita hata baada ya kustaafu kwa sababu waliuamini mkono wake kuliko kitu kingine chochote.

Mimi ni fundi wa pikipiki. Gereji yangu iko Nyakanazi, nyuma ya nyumba za wageni, mahali malori ya kwenda Rusumo yanapoegesha. Injini ya kwanza niliyoifungua maishani ilikuwa ya pikipiki hiyo hiyo ya mama. Alisimama pembeni amekunja mikono, akaniambia nipange kila nati juu ya kanga kwa mpangilio nilioifungulia, kama yeye alivyopanga vifaa vyake vya kuzalishia.

Siku moja alinipigia simu.

"Mwanangu, pikipiki inatoa oili. Jumapili nimeiegesha kwenye baraza la kanisa, nimetoka nimekuta imechafua sakafu. Padri hakusema neno, lakini aliitazama."

Nilicheka, nikamwambia nitakuja.

Kutoka Nyakanazi hadi kwetu ni mwendo mrefu. Unapita Lusahunga, unapita msitu, halafu unaanza kupanda, na hewa inabadilika. Nilimkuta anachambua maharage uani. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha pikipiki kwa kidevu.

Chini ya injini palikuwa pamelowa, na oili ilikuwa imetapakaa mpaka karibu na tairi la nyuma. Oili ikitapakaa hivyo huwezi kujua ilikoanzia, maana upepo huisukuma kila upande. Nikaiosha injini kwa petroli na brashi, nikaikausha, nikanyunyiza poda ya mtoto pande zote, kisha nikaiendesha mpaka sokoni na kurudi. Poda ilikuwa nyeupe kila mahali isipokuwa mstari mmoja mweusi ulioshuka kutoka kwenye mpira wa kupumulia.

Pikipiki za zamani zina mpira mwembamba unaotoka juu ya injini na kuning'inia nyuma yake. Kazi yake ni kutoa hewa inayojaa ndani pistoni inapopanda na kushuka. Hewa ikitoka hapo ni sawa. Oili ikitoka hapo, kuna jambo. Huenda mpira umekunjika au umeziba. Huenda ringi za pistoni zimelika, moto unapenya chini na kuisukuma oili nje. Au oili yenyewe imezidi.

Niliung'oa mpira, nikaupuliza, ulikuwa wazi. Nikachomoa kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa juu sana ya alama.

"Mama, nani ameongeza oili?"

"Nani aiguse zaidi yangu? Niliongeza kidogo tu, baada ya wewe kuondoka wakati ule wa Pasaka."

Nikafikiri amepima pikipiki ikiwa imelalia stendi ya pembeni. Ikiinama hivyo, kijiti hudanganya, mtu huona oili imepungua kumbe haijapungua. Nikaipunguza mpaka kwenye alama, nikamwonyesha jinsi ya kuisimamisha wima kabla ya kupima. Alinisikiliza kwa heshima, kama mwanafunzi. Kisha akasema, "Hayo nilikufundisha mimi." Ilikuwa kweli.

Haikupita muda mrefu akapiga tena. Oili inatoka pale pale.

Safari hii niliwaza ringi. Injini ilikuwa imekula miaka, nami niliona aibu kwamba fundi mzima nimempunguzia mama yangu oili nikaondoka. Nikaipakia kwenye gari la mizigo mpaka Nyakanazi, nikaifungua yote. Ringi zilikuwa zimechoka kweli, ingawa si za kutisha. Nikabadilisha ringi, nikabadilisha sili na gasketi zinazozuia oili kuvuja, nikaifunga. Nikaweka kidole kwenye mdomo wa mpira injini ikiwa inanguruma, nikasikia pumzi ndogo tu, ya kawaida. Nikaiendesha mpaka Biharamulo mjini na kurudi, kwenye lami na kwenye vumbi. Mpira ulikuwa mkavu.

Mke wangu, ambaye ni Msukuma wa Nyantakara, alikuwa jikoni nilipokuwa nanawa mikono. Aliniuliza taratibu, "Mama yuko salama huko?"

"Yuko salama. Kwa nini?"

"Jana alinipigia kuuliza kama mtoto amepona homa. Nikamwambia amepona. Baadaye akapiga tena, akauliza vile vile. Na jioni tena."

Nikasema anampenda mjukuu wake.

Nikairudisha pikipiki Ngara. Mama aliipokea kwa furaha, akaizunguka, akaipapasa tangi.

Halafu dada yangu akapiga simu. Yeye ameolewa kijiji cha pili kutoka kwa mama. Mama alikuwa ameanguka kwenye mteremko wa kushuka mtoni. Tairi la nyuma liliteleza kwenye kona iliyo kavu kabisa. Hakuvunjika, ila kifundo cha mkono kiliteguka na uso ukachubuka.

"Tairi lina oili," dada akasema. "Lote. Ulitengeneza nini wewe?"

Njia nzima nilijiuliza nimekosea wapi. Niliifunga na kuifungua ile injini kichwani, ringi, sili, gasketi, na kila mara ilikuwa sawa. Nilipofika nilimkuta mama kitandani, mkono umefungwa, anakunywa uji. Aliniuliza kama nimekula. Nikatoka kwenda kuitazama pikipiki.

Oili ilikuwa imefika mdomoni mwa tundu la kujazia. Nilipofungua kifuniko ilimwagika mikononi mwangu.

Nikaimwaga yote, nikajaza upya kwa kipimo, nikaosha tairi kwa sabuni. Nilifikiri labda kuna kijana wa jirani anafanya mchezo mbaya. Nikaamua kulala pale.

Asubuhi nilikaa kwenye mlango wa jiko na kikombe cha chai. Ukungu ulikuwa bado umeifunika migomba ya chini. Mama alitoka, mkono mmoja umefungwa, akaenda moja kwa moja kwenye pikipiki ingawa hakuwa na safari. Akachukua chupa ya oili dirishani. Akafungua kifuniko kwa mkono mzima, akamimina kidogo, akafunga, akafuta kwa kitambaa, akairudisha chupa dirishani. Ilikuwa kazi safi. Kisha akaenda kuwafungulia kuku. Aliwahesabu kwa Kihangaza, lugha yetu, akamkemea jogoo, akarudi. Alipopita karibu na dirisha akaiona chupa. Akasimama. Akaichukua, akaenda kwenye pikipiki, akafungua kifuniko, akamimina, akafuta.

Chai yangu ilipoa. Akaenda kuokota fimbo iliyoanguka kwenye ua, akarudi, akaiona chupa.

Niliinuka nikamfuata.

"Mama, oili umeshatia."

"Lini?"

"Sasa hivi. Kabla ya kuwafungulia kuku, na baada ya kuwafungulia."

Akaniangalia kama mtu anayedaiwa kitu asichokichukua. "Bado," akasema. "Ndiyo kwanza natoka ndani."

Nikasimamisha pikipiki wima, nikachomoa kijiti, nikampa. Alikipeleka kwenye mwanga kama alivyokuwa akiangalia sindano zamani, jicho moja amelifumba. Oili ilikuwa imepita alama mbali. Hakuhitaji maelezo, mtu huyu alipima dawa za watoto wachanga maisha yake yote. Alikishika kile kijiti kwa muda, oili ikawa inashuka kwenye vidole vyake na kwenye bandeji.

"Labda ni ya jana," akasema.

"Jana niliimwaga yote, mama."

Akanirudishia kijiti. Akaketi juu ya jiwe la kufulia na kutazama bondeni. Niliposogea akasema kwa sauti ya chini, "Usimwambie dada yako."

Nilimwambia dada yangu siku hiyo hiyo. Tulisimama nje ya nyumba yake, na mambo yakaanza kutoka. Mama alikuwa ametia chumvi kwenye maharage mpaka yakamwagwa. Alikwenda kwenye msiba mmoja mara mbili, siku mbili, akalia mara zote mbili kama ndiyo kwanza anapata habari. Dada alikuwa anayajua hayo yote, alikuwa ameyanyamazia. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake.

Tulimpeleka hospitali. Daktari, kijana mpole, alimuuliza leo ni siku gani. Mama akamjibu, "Wewe huna kalenda?" Tukacheka, hata daktari. Akamuuliza tena, na mama akawa anakunja na kukunjua ncha ya kitenge. Lakini alipoulizwa juu ya kazi yake alieleza uzazi mgumu mmoja wa zamani, mtoto aliyetanguliza miguu, usiku wa mvua, mlango gani, taa gani, mama wa mtoto alisema nini. Hakukosea. Baadaye daktari alitueleza sisi wawili koridoni kwamba ni maradhi ya kusahau ya uzeeni, kwamba dawa zipo za kupunguza kasi, lakini kilichokwisha kwenda hakirudi.

Nilijua lazima nimnyang'anye pikipiki, na sikujua mtoto anamnyang'anyaje mama yake kitu. Nilizunguka wiki nzima na maneno mdomoni. Mwisho alinipunguzia kazi mwenyewe. Ilikuwa mchana, akili yake imetulia, tumekaa tunamenya ndizi. Akajifuta mikono, akaingia ndani, akarudi na ufunguo.

"Ichukue," akasema. "Nimewaleta watoto wengi hapa duniani. Sitaki kumgonga hata mmoja."

Nikaupokea kwa mikono miwili. Hakulia. Aliendelea kumenya ndizi.

Lakini baada ya siku chache alisahau kwamba ameutoa. Dada, ambaye sasa amehamia pale pale na watoto wake, alimkuta barabarani anawauliza wapita njia kama wamemwona mwizi wa pikipiki. Nilipokwenda aliniuliza na mimi. Nikamwambia ukweli, kwamba alinipa ufunguo kwa mkono wake. Uso wake ulisawijika. Akasema, "Kwa hiyo siendi popote tena," na hapo ndipo alipolia, kwa sababu alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza. Juma lililofuata aliuliza tena. Nikamwambia tena, na akalia vile vile, upya.

Mara ya tatu sikuweza. Nikamwambia iko gereji.

Akatulia. "Bado inavuja?"

"Bado kidogo."

"Pale kwenye mpira?"

"Pale pale."

"Umeupuliza mpira? Nyigu hujenga humo."

"Nimeupuliza, uko wazi."

"Ringi?"

"Nimeweka mpya."

Akafikiri. Alikuwa amejiinamia, viwiko juu ya magoti, kama alivyokaa akisubiri uchungu wa mwanamke uzidi. Kisha akasema, "Pima oili vizuri. Isije ikawa kuna mtu anaijaza kupita kiasi bila kujua."

Nikasema nitapima.

Basi ikawa hivyo kila nilipokwenda. Tulianza kwenye mpira, tukaja kwenye ringi, tukamalizia kwenye oili. Ukweli ni kwamba pikipiki nilishaiuza kwa mjomba wa mke wangu kule Nyantakara. Anabebea maziwa, na haijawahi kudondosha tone. Dada alinilaumu, akasema si vizuri kumdanganya mzazi. Labda si vizuri. Lakini mazungumzo yale yalikuwa marefu kuliko mengine yote tuliyokuwa nayo wakati huo. Ndani yake alinijua mimi ni nani na kazi yangu ni nini, na alikuwa na la kunifundisha.

Mwaka huu hajaiulizia. Nilipofika mara ya kwanza bila kuulizwa nilidhani amechoka tu. Mara ya pili nikayaanzisha mazungumzo mimi mwenyewe, nikasema, "Mama, ile pikipiki bado inavuja." Akanitazama kwa adabu anayompa mgeni, akasema, "Pole, baba," kisha akamgeukia dada kumuuliza kwa Kihangaza kama huyu mtu amepewa maji.

Dada akaniletea maji. Nikayanywa. Tulikaa watatu barazani mpaka mawingu yalipoanza kukusanyika juu ya vilima vya upande wa Burundi, na dada akasema niondoke mapema, kwa sababu ile barabara mvua ikiikuta haimjui mwenyeji wala mgeni.