Mguu wa Kulia wa Mapigo

Dereva wa gari la mayai, ambaye watu walimwita Mapigo, alikuwa na mguu wa kushoto mtiifu kabisa. Uliomponza ni wa kulia.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mpiga drams wa bendi ya ukumbini, na kwa asiyejua, ile ngoma kubwa ya chini hupigwa kwa kanyagio la mguu wa kulia. Bendi ikavunjika kama bendi zinavyovunjika, kwa ugomvi wa nani asimame mbele. Mapigo akachukua leseni, akapata kazi ya kusambaza mayai madukani. Sasa nawaulizeni: ndani ya gari mguu wa kulia unakanyaga nini? Mafuta! Redio ikipiga dansi la moto, gari linaondoka kwa mikupuo, dum, dum, dumdum, na kule nyuma trei za mayai zinacheza bila kualikwa. Mwenyewe wala hakujua. Angekuapia kwamba barabara ndiyo mbovu.

"Barabara gani?" akauliza tajiri yake, mama mmoja wa miwani, mwenye banda la kuku na mwenye gari, asiyecheka ovyo. "Hiyo iliyotiwa lami juzi?"

Ukweli aliupata kwa mkewe, siku alipompa lifti kwenda kwa shangazi yake. Mama wa watu aliteremka ameshika kiuno.

"Baba watoto, wewe huendeshi gari. Wewe unapiga shoo."

Mapigo alinuna siku nzima, kisha akaizima redio. Hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Kimya kilimfanya mtu mwingine. Yeye aliyezoea kupisha hata kuku, sasa akawa anamfokea kila anayekatiza mbele yake na kufunga breki za ghafla, na mayai yakaendelea kupasuka, safari hii kwa hasira. Akahamia kwenye nyimbo za polepole, zile za mtu kuachwa na mpenzi. Gari likatambaa, baiskeli zikampita. Alifika dukani macho mekundu, mwenye duka akampa pole ya msiba. Ni kweli, mayai yalikuwa mazima, lakini ilikuwa saa nane mchana na waokaji keki walikuwa wameshanunua kwingine.

Tajiri akachoka.

"Kesho napanda na wewe. Trei moja nitaipakata mwenyewe. Likipasuka hata yai moja, ufunguo unabaki mezani kwangu."

Kazi nyingine Mapigo hakuwa nayo, na zaidi ya kazi, alilipenda lile gari. Tangu bendi ivunjike, ni ndani yake tu alipojiona bado mwanamuziki. Kuukosa usukani kungemuuma kuliko alivyoweza kumweleza mtu yeyote.

Asubuhi wakaondoka, redio imezimwa, tajiri amekaa wima, trei magotini. Mapigo alipiga moyo konde, hakumfokea mtu, na mwendo ukawa mzuri mpaka kwenye makutano ya sokoni. Taa ikawa nyekundu. Kando yao palikuwa pameegeshwa gari la matangazo ya sabuni, lina spika nne juu, nalo likafungulia dansi la zamani. Besi ikawaingia mpaka chini ya viti.

Taa ikawa kijani. Mapigo akautazama mguu wake wa kulia, ukamtazama. Akavuta breki ya mkono, akazima gari.

"Unafanya nini?" tajiri akauliza.

"Nasubiri wimbo uishe, mama."

"Hapa? Katikati ya njia?"

"Nikikanyaga mafuta sasa hivi, hayo mayai utayavaa. Mguu huu naujua mimi."

Akauhamisha mguu pembeni, mbali na mafuta, nao ukaanza kupiga sakafu kwa raha zake. Honi zikalia nyuma yao. Mtu mmoja alitoa kichwa dirishani akauliza kama dereva amekata roho. Mapigo alijua unga wake umeshamwagika, lakini aliona heri afukuzwe kwa kusimama kuliko kwa kuvunja. Hatimaye mwimbaji akanyamaza, na Mapigo akapeleka mkono kwenye ufunguo.

"Bado," tajiri akasema, macho mbele, mikono imeikumbatia trei. "Gitaa halijaingia."

Likaingia. Nalo halikuwa gitaa la haraka. Lilizunguka, likarudi, likazunguka tena, huku honi zikitukana. Wale wawili wakalisubiri mpaka likaisha lenyewe. Ndipo Mapigo akawasha gari, akaondoka taratibu kama aliyebeba mtoto aliyelala.

Mwenye duka aliwapokea barazani amekunja uso.

"Robo saa nzima nawasubiri! Kulikuwa na foleni?"

Tajiri aliyakagua mayai ya kwenye trei kwa kidole, moja moja, yote thelathini, kisha akamkabidhi.

"Hakukuwa na foleni," akasema. "Kulikuwa na wimbo. Dereva, shusha zilizobaki."