Katambuga Zangu Zimekosa Miguu

Jamani wasomaji, leo nitukaneni. Mimi ni kijana wa Kilosa, nimesoma mpaka darasa la nne, na kosa ninalowaambia nimelifanya kwa akili zangu timamu, mchana, mbele ya watu. Sikulewa. Sikulazimishwa.

Nilitaka kujitegemea. Si ndilo neno tunaloimbiwa kila siku? Nikaanza kukata katambuga, zile ndala za matairi, kwenye kibanda cha nyasi hapo Magomeni ya Kilosa. Matairi niliyapata Kimamba, makuukuu ya malori ya mkonge. Nayafunga kwenye baiskeli ya kuazima, nafika nyumbani mweusi mpaka kwenye meno.

Watu wakanishukia! Wa kwanza mjomba wangu, aliyenilea. "Wenzako wanalima shamba la kijiji, wewe unachonga matairi. Umekuwa gari?" Halafu karani mmoja, viatu vya ngozi vinang'aa, aliyepita hapo kwenda ofisini, akanibandika jina: Bepari wa Matairi. Watoto wakalidaka. Kila nikipita, "Bepari! Bepari!" Bepari gani, jamani, kaptula yake ina madirisha nyuma?

Nilicheka nao. Moyoni niliwachukia wote! Nilikuwa naota siku watakayojipanga mstari kwenye kibanda changu, na mimi nawaambia subirini.

Aliyenishika mkono alikuwa mfugaji wa Kimasai, nimwite Mzee Moreto. Ndala zangu za kwanza zilikuwa zinachomoka mikanda. Siku moja akasimama, akavua ndala yake mwenyewe, akaigeuza juu chini anionyeshe. "Wewe umepiga msumari tu. Mkanda upitishe tunduni, kisha ukunje kwa chini. Mtu anatembea na ng'ombe, hakai mezani."

Toka hapo mkanda haukuchomoka tena. Akaleta wanawe, wanawe wakaleta wenzao, hata wafugaji wa huko Zombo wakanijua. Siku ya mnada wa ng'ombe ukija kibandani kwangu hukosi kukanyagwa!

Na kila alipofika nilimwamkia shikamoo, nikainamisha kichwa, naye akaniwekea kiganja utosini, kama Wamasai wanavyowasalimu watoto wao. Mimi baba yangu simjui. Kile kiganja, sijui hata niseme nini.

Basi wenye kucheka wakapata pengine pa kushika. Siku hizo wakubwa wa serikali walikuwa wanawahimiza wafugaji waache shuka wavae suruali, karani akaona amepewa rungu. "Taifa linakwenda mbele, wewe unawavalisha watu matairi! Kibanda kizima kinanuka samli. Mstaarabu gani atakaa hapa?" Mjomba naye akaongeza: "Ukitaka tukuone mtu, tafuta wateja watu."

Wateja watu! Na mimi mpumbavu nikalimeza.

Nikakata ndala za kistaarabu, nikazipiga rangi ya viatu, nikamwalika karani na wenzake waje kuzitazama. Wakaja kweli. Wamekaa kwenye benchi langu, wananisifu sifu, na mimi naelea. Ndipo Mzee Moreto akatokea. Alikuwa amefuata ndala za wanawe. Akanyoosha mkono kichwani kwangu.

Nikarudisha kichwa nyuma.

Mkono ukabaki hewani. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mtoto, kichwa kinauma?"

Karani akaangua kicheko. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka naye! Nikasema, "Mzee, hapa mjini hatushikani vichwa. Sogea kidogo, nina wateja." Shikamoo yake sikumpa.

Ndala za wanawe nilishazifunga. Mzee akazitazama, akaziacha pale pale, akaenda zake.

"Sasa umekuwa mtu!" Karani akanipiga kofi la begani. Akanyanyuka bila kununua hata pea moja. Wenzake nao wakamfuata.

Mnada uliofuata hakuja mfugaji hata wa dawa. Hawakunitukana. Walipita mbele ya kibanda changu kama watu wanaopita kichaka. Ndala zikakaa, zikapigwa jua mpaka rangi ikababuka. Na karani alisemaje? "Ehe, Bepari! Wamasai wako wamekukimbia? Nilijua tu hufiki popote." Yeye yule! Mjomba akatikisa kichwa: "Mwenye biashara gani anafukuza mteja?" Wallahi nilitamani kuwarushia nyundo!

Nikaenda kwa miguu mpaka kwenye boma la Mzee Moreto, upande wa Kimamba. Nilianza kuamkia kabla sijamfikia. "Marahaba," akaitika. Akanipa maziwa, akauliza habari za nyumbani. Nikalia, nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mimi hasira sina," akasema. "Lakini wanangu walikuwa nje ya kibanda siku ile. Waliona baba yao anachekwa. Sasa niwaambie nini ili waje kwako?"

Nikaaga, nikarudi kukifunga kibanda.

Nimehamia Mikumi, kwenye njia ya malori, nimetandika mkeka upya. Ndoto zangu bado ninazo, hata nikilala na njaa zinakuja zenyewe. Na hapa nako wameshaanza: "Wewe, hayo matairi unapika?" Safari hii naendelea kukata.

Ninyi mnaotaka kuanzisha chenu, nisikieni! Anayekucheka atakucheka ukipata na atakucheka ukikosa, na wala hachoki. Usimtoe mtu wako kafara ili huyo akusifu. Aliyekuamini ukimwaibisha mbele ya watoto wake, yeye anaweza kukusamehe. Watoto wake je?