Verlene Anayepaka Rangi Nusu ya Ubingwa

Saa moja asubuhi, Verlene Stuckey yuko juu ya ngazi kwenye ukuta wa uwanja wa Chuo cha Tarkwell, Kansas. Ana miaka sabini na miwili. Brashi yake inapita taratibu juu ya maneno yaliyofifia: MABINGWA WA TAIFA.

"Mama Verlene, bado unahangaika na hilo nusu kombe?" mlinzi, Otis, anamtania kutoka chini.

"Nusu yangu inawatosha nyie ambao hamjashinda kitu tangu wewe uajiriwe!" anajibu bila kugeuka.

Uandishi wa mabango aliurithi kwa baba yake. Kila kiangazi, kabla msimu wa futiboli ya Kimarekani haujaanza, huurudishia ukuta huu rangi.

Maneno hayo ni ya miaka ya sabini. Enzi hizo bingwa wa vyuo alipatikana kwa kura: waandishi wa michezo walipiga yao, makocha yao, na kila kundi lilitaja bingwa wake. Msimu ule timu mbili hazikufungwa, Tarkwell na chuo kingine, Oslin. Mikataba ya ligi zao ikazipeleka kwenye mechi tofauti za Mwaka Mpya, kwa hiyo hazikukutana.

"Tulijazana kwa kinyozi kusikiliza redio," anakumbuka. "Waandishi wakasema Oslin. Delbert akatoka nje bila kofia, na theluji ile!"

Delbert, mchumba wake, alikuwa beki wa Tarkwell. Baadaye redio ikatangaza kuwa makocha wamechagua Tarkwell. Verlene akamkimbilia.

"Nikamwambia, 'Makocha wametupatia ubingwa!' Akasema, 'Verlene, mimi sikutaka kupewa. Nilitaka kucheza nao.'"

Walioana masika yaliyofuata. Delbert alifariki miaka miwili iliyopita, bado akiibishania mechi ambayo haikuchezwa.

Siku hizi timu bora hupambana uwanjani mpaka ibaki moja. "Ni haki zaidi, sikatai," anasema Verlene, akishuka ngazi. "Lakini zamani kura zikitoka, mji mzima ulikuwa kwa kinyozi. Watu wanagombana, wanacheka, chakula kinapoa nyumbani. Pale sasa wanauza simu."

Majira ya baridi yaliyopita alimpigia Royce Tillery, aliyekuwa nahodha wa Oslin. Hawakuwa wamewahi kuongea.

"Nikamweleza habari za Delbert. Kisha akasema, 'Dada, hata sisi tulitaka sana kucheza nanyi.'"

Oktoba, wazee wa timu ile ya Oslin waliobaki hai watakuja Tarkwell. Verlene atawachomea nyama, kisha timu zote mbili zitaingia uwanjani kurushiana mpira, kadiri magoti yatakavyoruhusu.

Jezi ya Delbert ameshaifua.

"Nitaivaa mimi," anasema. "Itanifika magotini, watanicheka, na wacheke. Nitasimama pale alipokuwa akisimama yeye, niwaone wakija."